Disiki ya serveri ya nyumba inafanya kazi usiku: ni kazi gani, na wakati gani tuogope?

Katika nyumba kadhaa za miji yetu, utakuta leo kasanduku kadogo karibu na ruteri ya intaneti, ao ordinateri ya zamani isiyokuwa na ekrani, inayowaka mchana na usiku. Hiyo ndiyo serveri ya nyumba. Fundi wa picha anawekamo video za ndoa na za mahari. Parokia inawekamo vitabu vya ubatizo vilivyopigwa picha. Familia inawekamo foto za wazee na kopi za karatasi za parsele. Radio ndogo inachunga humo sauti za vipindi vyake.

Saa saba ya usiku hakuna mtu anayeitumia. Lakini taa ya disiki inawakawaka, na ndani kunasikika krr, krr. Wengine wanafikiri kifaa kimeharibika, wanachomoa waya. Wengine wanazoea hiyo sauti, hawaangalie tena. Njia zote mbili zinaweza kumaliza kazi ya miaka mingi. Juu ya ile, tueleze disiki inafanya nini wakati sisi tumelala, ni sauti gani ya kawaida, na ni gani ya kuamkia.

Ndani ya disiki kuko nini

Disiki kubwa za kuchungia vitu, zile za kuzunguka, ziko na sahani za kungaa ambazo zinazunguka mara 5,400 ao 7,200 kwa dakika moja. Juu ya kila sahani kuko mkono mudogo wenye kichwa cha kusoma na kuandika. Kichwa hakigusi sahani. Kinaelea juu yake kwa nafasi ndogo sana, ndogo kuliko unywele mara maelfu. Ile krr munayoisikia ni mkono unaokimbia kutoka sehemu moja kwenda ingine.

Taa nayo inasema kitu kingine. Mara nyingi inawaka wakati sistemu ya serveri inaomba disiki isome ao iandike. Tukichanganya taa na sauti, tunapata alama ya kwanza ya kupima:

- Taa inawakawaka na sauti iko: sistemu ndiyo imetuma kazi. Tutafute ni programu gani.
- Sauti iko lakini taa imetulia: disiki yenyewe inajishughulikia, ao inaumwa. Tusikilize vizuri.

Kazi ambazo serveri inajipatia yenyewe

*Kupanga foto na video.* Mukimaliza kumwaga foto 3,000 za ndoa, ninyi munaenda kulala, lakini serveri ndiyo inaanza. Inafungua kila foto, inatengeneza picha ndogo-ndogo za kuonyesha ku telefone, inasoma tarehe, na programu zingine zinatafuta hata sura za watu. Kwa video ni kazi zaidi. Masanduku mengi ya bei ndogo yako na prosesa dhaifu, kwa hiyo kazi hii inaweza kuchukua siku mbili ao tatu. Hapo hakuna ubaya. Ikiisha, kelele inapungua.

*Kupima kama disiki mbili zinafanana.* Serveri nyingi ziko na disiki mbili ao zaidi zilizofungwa pamoja kwa namna inayoitwa RAID. Kwa namna iliyo rahisi, kila kitu kinaandikwa mara mbili, ili disiki moja ikifa ingine ibaki. Lakini sehemu ya disiki inaweza kuharibika kimya, na mtu hajue kwa sababu hajafungua ile foto tangu miaka mitatu. Ndiyo maana sistemu inasoma disiki zote kutoka mwanzo mpaka mwisho na kulinganisha. Ku Linux ya Debian, kazi hii inapangwa usiku wa Jumapili ya kwanza ya kila mwezi. Wale wanaotumia ZFS wanaiona Jumapili ya pili. Masanduku ya Synology ao QNAP yanaacha mwenyewe achague siku.

Ni kazi ndefu. Tupige hesabu: disiki ya terabaiti 4 inayosomwa kwa mwendo wa megabaiti 150 kwa sekunde inaomba sekunde karibu 26,700, maana yake masaa saba na nusu. Na mwendo unashuka kila wakati mtu mwingine anafungua fishie. Kwa hiyo mukisikia kelele kutoka saa saba ya usiku mpaka asubuhi, mara moja kwa mwezi, kuna nafasi kubwa ni hii.

*Disiki kujipima afya.* Kila disiki ya leo inachunga daftari lake la ndani, linaitwa SMART. Serveri inaweza kuiomba ijipime. Kipimo kifupi kinaisha kwa dakika chache, kile kirefu kinachukua masaa.

*Kuandika daftari la sistemu.* Hata kama hakuna mtu, sistemu inaandika: nani ameingia, saa ngapi, joto ni ngapi. Haiandike neno kwa neno. Inakusanya kwanza mu memori, kisha inatua mzigo ku disiki. Kwa ext4, ambayo ni ya kawaida ku Linux, mzigo unatuliwa kila sekunde 5, na ZFS pia inafanya hivyo. Ile «tik» fupi inayorudia-rudia mara nyingi ni hiyo.

*Disiki mpya.* Mukinunua disiki na kuitayarisha kwa ext4, sistemu inawaambia imemaliza kwa dakika chache. Kumbe imeacha sehemu ya kazi kwa baadaye, na inaiendelea pole pole nyuma, wakati mwingine masaa mengi. Musiirudishe ku duka usiku wa kwanza.

*Watu wa nyumba wenyewe.* Telefone ya mtoto inaingia mu WiFi saa nne ya usiku na kuanza kutuma foto zake. Ordinateri ya Windows iliyoachwa inawaka inapitisha antivirusi yake mpaka mu dosie ya serveri. Hapa serveri haina kosa, inapokea tu wageni.

*Memori kidogo.* Serveri ya memori ndogo ikipewa programu nyingi, inaanza kutumia disiki kama memori. Hapo taa haitulii kabisa, na kila kitu kinakuwa kizito. Dawa yake ni kuondoa programu zisizo na lazima, ao kuongeza memori.

Wakati disiki inajisemea peke yake

Turudi ku ile hali ya pili: sauti iko, taa imetulia.

Disiki kubwa kadhaa za Western Digital zinatoa «tok» moja kila sekunde 5, hata kama hakuna kazi. Kiwanda ndicho kimeamua hivyo: mkono unasogezwa kidogo ili kichwa kisikae mahali pamoja na kuchakaza mafuta membamba yaliyo juu ya sahani. Inaudhi ku chumba cha kulala, lakini si ugonjwa.

Kuko pia disiki ambazo mistari yake ya kuandikia imelaliana kama mabati ku paa, ili vitu vingi viingie mahali padogo. Zinaitwa SMR. Ubaya wake: ukitaka kubadilisha bati moja, unalazimika kuinua na yale yanayofuata. Disiki inaandika kwanza haraka mahali pa muda, kisha, wakati hakuna kazi, inapanga upya yenyewe. Mu mwezi wa nne 2020 Western Digital ilikubali kwamba disiki zake kadhaa za WD Red, za terabaiti 2 mpaka 6, zilikuwa za namna hiyo, na wanunuzi walikuwa hawajaambiwa. Watu wengi waliziweka mu RAID, na wengine waliona kazi ya kujenga upya inachukua siku nyingi ao inakataa kabisa. Kwa hiyo mbele ya kununua disiki ya serveri, hata ya mkono wa pili, muombe namba ya modeli na mutafute ku intaneti kama ni SMR ao CMR. Ya serveri ni CMR.

Sauti na alama za kuamkia

Sauti mbaya iko na mdundo: tak, tak, tak, mara kumi, kisha kimya, kisha disiki inazunguka upya kama inajaribu kuamka. Maana yake kichwa kinatafuta njia na hakioni. Hapo musianze kipimo kirefu, musianze kupanga foto. Kwanza mukopie vitu vya maana zaidi mahali pengine, kisha mubadilishe disiki.

Mara nyingine ugonjwa unaanza bila sauti. Ndiyo maana ni lazima kusoma SMART. Ku masanduku ya dukani kuko ukurasa wa afya ya disiki. Ku Linux munaandika sudo smartctl -a /dev/sda. Muangalie namba hizi:

- Namba 5: sehemu zilizoharibika na kubadilishwa.
- Namba 197: sehemu zinazosubiri kuhukumiwa, disiki imeshindwa kuzisoma vizuri.
- Namba 198: sehemu ambazo hazikusomeka wakati wa kipimo.
- Namba 199: makosa ya njiani. Hii mara nyingi ni waya mbaya, si disiki.

Muangalie safu ya mwisho. Namba 5, 197 na 198 zikiwa 0, ni vizuri. Zikitoka 0 na kila juma zinapanda, disiki inawaaga. Muangalie pia joto, ni vizuri libaki chini ya digri 45. Vumbi la wakati wa kiangazi likifunga mlango wa hewa, joto linapanda haraka.

Mwizi naye anafanya kazi usiku

Kuko sababu ingine ya disiki kukimbia usiku ambayo haitoki ku disiki. Mu mwezi wa nne 2021, watu wengi wenye masanduku ya QNAP, mu inchi mbalimbali, waliamka na kukuta fishie zao zimefungwa zote kwa neno la siri wasilolijua. Programu mbaya iliyoitwa Qlocker ilikuwa imeingia kupitia intaneti na kuzifunga kwa 7-Zip, programu ya kawaida kabisa ya kukandamiza fishie. Kila fishie iliishia na .7z. Wezi waliomba bitikoini 0.01. Mu mwezi wa kwanza 2022 ikaja ingine, DeadBolt, ikaomba 0.03. Mbele yao, mu 2014, masanduku ya Synology yalikuwa yamepigwa na SynoLocker.

Kufunga fishie zote ni kazi nzito: kusoma kila kitu na kukiandika upya. Kwa saa nyingi taa inawaka bila kupumua na prosesa inapanda. Ukiangalia wakati huo, unaweza kuokoa nusu. Alama ni hii: fishie za zamani, ambazo hakuna aliyezigusa, zinaonyesha tarehe ya leo ao jina limebadilika. Hapo, na ni hapo tu, muchomoe mara moja waya wa intaneti, kisha muzime serveri, na muite fundi mbele ya kuiwasha tena.

Kinga ni rahisi kuliko dawa. Musifungue serveri moja kwa moja ku intaneti kama hakuna lazima. Muweke toleo jipya la programu kila linapotoka. Muzime akaunti iliyokuja na sanduku yenye jina «admin», mutengeneze yenu na neno la siri refu.

Namna ya kujua nani anafanya kelele

Mbele ya kuogopa, muulize serveri yenyewe. Synology na QNAP ziko na ukurasa unaoonyesha prosesa, memori, rezo na disiki. Munaona programu inayokula zaidi na jina lake. Muangalie pia ukurasa wa disiki: kama kipimo cha RAID kinaendelea, kitaandikwa pale na asilimia yake.

Ku ordinateri ya zamani yenye Linux, amri mbili zinatosha kwa mwanzo:

cat /proc/mdstat inaonyesha hali ya RAID. Mukiona neno check, ni kipimo cha mwezi. Mukiona resync ao recovery, serveri inarekebisha. Pembeni kuko dakika zinazobaki.

sudo iotop -oa inaonyesha programu zinazosoma na kuandika tu, na hesabu ya kila moja tangu mumeanza kuangalia. Muiache dakika kumi, kisha musome ile inayoongoza.

Kama hesabu haipandi na taa imetulia, lakini sauti inaendelea, mumejua: ni disiki yenyewe. Murudie SMART.

Umeme wetu, na mzunguko usioisha

Hapa ndipo sisi wa mashariki tunatofautiana na wale walioandika vitabu vya maelezo vya hivi vifaa. Wao wanafikiri umeme uko siku zote. Kwetu unagawanywa, unakatika, unarudi kwa nguvu.

Umeme ukikatika wakati RAID inaandika, disiki moja inaweza kuwa imepokea na ingine haijapokea. Serveri ikiamka, haijui ni wapi zimeachana, inaanza kulinganisha na kurekebisha upya. Masaa saba ao zaidi. Ukikatika tena mbele ya kumaliza, kazi inaweza kubaki nusu, na kesho yake inaendelea. Kwa hiyo kuko nyumba ambamo disiki haipumziki hata siku moja, na mwenyewe anafikiri kifaa ni kibovu, kumbe ni umeme. Na ile kuchomoa waya juu ya kelele ni kuongeza mkato mwingine juu ya mikato iliyoko.

Mambo matatu yanasaidia.

Kwanza, onduleri. Hata ndogo inatosha kama inaweza kushika dakika kumi, lakini inafaa iwe na waya wa USB wa kuzungumza na serveri. Umeme ukikatika, serveri inapata habari na inajizima vizuri yenyewe. Onduleri bila huo waya inachelewesha tu mkato.

Pili, kile kinachoitwa bitimapu ku RAID ya Linux. Ni kadaftari kadogo ambamo sistemu inaandika ni sehemu gani ilikuwa inaguswa. Baada ya mkato inarekebisha zile tu, kwa dakika chache. Linux ya leo mara nyingi inaiweka yenyewe kwa disiki kubwa. Ku /proc/mdstat mutaona neno bitmap. Kama halipo, muombe fundi aiongeze.

Tatu, kupanga saa. Kama ku kartiye yenu umeme unakuwako zaidi mchana wa Jumapili, muhamishe kipimo cha mwezi pale. Musikizime kabisa, maana siku disiki moja itakufa, mutagundua kwamba ile ingine ilikuwa na sehemu zisizosomeka.

Wale wa pano za jua wapige hesabu pia. Tuchukue serveri ya disiki mbili inayokula wati 20. Kwa masaa kumi ya usiku ni wati-saa 200. Batri ya volti 12 na ampere-saa 100 iko na 1,200, lakini ile ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo kuko 600 za kutumia. Theluthi imeenda ku serveri. Munaweza kuomba disiki zilale, lakini musiweke dakika tano: daftari la sistemu litaziamsha kila mara, na kuamka-kulala kunachakaza kuliko kuzunguka. Kama usiku hakuna mwenye lazima nayo, ni heri serveri ijizime vizuri saa nne na kujiwasha asubuhi. Masanduku mengi yanajua kufanya hivyo, muchague tu siku moja kwa mwezi ya kuiacha ifanye kipimo chake.

RAID si kopi

Neno la mwisho ndilo zito. Disiki mbili mu sanduku moja zinawakinga na kifo cha disiki moja. Hazikingi na mwizi anayebeba sanduku, wala na DeadBolt, wala na mtoto aliyefuta dosie. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 Nyiragongo ililipuka, na siku tano nyuma yake watu wa sehemu kubwa ya Goma waliambiwa watoke haraka. Siku kama hiyo mtu anashika watoto na mfuko, hashike serveri.

Kwa hiyo mutafute disiki moja ya nje, mukopie vitu vya maana mara moja kwa mwezi, muichomoe, na muipeleke kwa ndugu anayekaa kartiye ingine, ao muji mwingine kama iko njia. Disiki iliyochomolewa haiwezi kufungwa na mwizi wa intaneti. Usiku ule wa kipimo ukipita, asubuhi yake musome matokeo, muandike ku karatasi namba 5, 197 na 198 pamoja na tarehe, kisha mufanye kopi. Ni kazi ya dakika kumi na tano kwa mwezi, zaidi ya muda wa kopi yenyewe, na hiyo karatasi ndiyo itawaambia disiki inaanza kuchoka lini, mbele haijaanza kulia.